Mwanao Ataka Kulinda Mitandao: Aanzie Wapi?



Katika muda wa miezi michache iliyopita safu hii imepokea barua tatu ambazo, ingawa zimetoka mikoa mitatu na kwa watu wasiojuana, zauliza jambo moja. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Morogoro. Mwanawe wa kiume amemaliza kidato cha sita na ameshikilia kwamba atasomea ulinzi wa mitandao ya kompyuta, wala hataki kusikia habari ya kazi nyingine. Kijana ameleta nyumbani karatasi ya tangazo iahidiyo kwamba kwa muda wa miezi sita tu mwanafunzi atatoka akiwa mtaalamu kamili, na ada yake ni kubwa kiasi kwamba mama huyo anafikiria kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Ya pili imetoka kwa baba mmoja wa Tabora, ambaye mwanawe wa kidato cha tatu amepata kuifungua waifai ya jirani bila ya ruhusa, na sasa anajisifu mbele ya wenzake kuwa yeye ni mdukuzi. Baba hajui kama amwadhibu au ampongeze. Ya tatu ni ya dada mmoja wa Mbeya mwenye stashahada ya uhasibu, aliyeajiriwa na chama cha kuweka na kukopa, anayeuliza kama wakati umekwisha kumpita.

Wote watatu nitawajibu, lakini yafaa kwanza tuelewane kazi yenyewe ni kitu gani. Watu wengi wameijua kwa njia ya filamu: kijana aliyejifunika kofia ya sweta, chumba chenye giza, herufi za kijani zikimiminika kama mvua. Picha hiyo imewavutia vijana wengi na kuwapotosha wengi zaidi, kwa kuwa yamwonyesha mvunjaji wala haimwonyeshi mlinzi. Ukiingia katika ofisi ya walinzi wa mitandao utawakuta watu wamekaa kwa zamu, mchana na usiku, wakisoma orodha ndefu za matukio: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amefungua nini. Sehemu kubwa ya kazi ni kusoma, kulinganisha na kuandika. Kijana asiyependa kusoma na asubiri kidogo kabla ya kuchagua njia hii.

Mtandao, kwa maana yake ya asili, ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipate kuzungumza, na mazungumzo hayo yana adabu zake kama yalivyo mazungumzo ya watu. Kwetu sisi mgeni hafiki nyumbani kwa mtu akaingia tu. Hupiga hodi, mwenyeji akaitika karibu, mgeni naye akajibu, ndipo akavuka kizingiti. Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo. Ile iombayo huduma hupeleka ujumbe mfupi wa kubisha hodi. Ile yenye huduma hujibu kwamba imesikia na i tayari. Ile ya kwanza huthibitisha, na hapo ndipo taarifa zianzapo kupita. Ni hatua tatu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kwamba mtu mwovu amesimama barazani kwako akapiga hodi. Unaitika karibu, haingii. Anapiga hodi tena kwa sauti nyingine, na nyingine, mara elfu, na kila mara wewe unasimama mlangoni umeshika komeo ukimngojea aingie. Mgeni wa kweli aliyekuja na habari za msiba hapati hata nafasi ya kusikiwa. Mnamo Septemba 1996 kampuni ya Panix ya mjini New York, iliyokuwa ikiwauzia watu huduma ya intaneti, ilishambuliwa kwa namna hii hasa, na wateja wake wakataabika kwa siku kadhaa. Hapakuvunjwa mlango wala hapakuibwa neno la siri. Adabu ya kupiga hodi ndiyo iliyotumiwa vibaya.

Nimekaa kidogo kwenye mfano huu kwa sababu wenyewe ndio jibu la nusu ya maswali niliyoletewa. Mtu asiyejua hodi hupigwaje hawezi kuitambua hodi ya uongo. Kabla ya kijana kusomea ulinzi, hana budi kuujua mtandao wenyewe: anwani za kompyuta zinavyogawanywa, ruta inavyoamua njia ya kuupeleka ujumbe, daftari la majina ya tovuti linavyofanya kazi, na kila huduma na mlango wake wenye namba. Fundi aingiaye katika seva ya Linux kutoka mbali hupitia mlango namba 22. Barua pepe zipelekwazo kutoka seva hadi seva hupitia namba 25, na kurasa za tovuti zenye kufichwa zisisomwe njiani hupitia namba 443. Mambo haya yanachosha mwanzoni. Kijana hutaka kurukia mambo ya kuvunja mifumo, naye mwalimu mwenye tamaa humpa akitakacho, kisha miezi sita ikiisha kijana ana maneno mengi mdomoni na hawezi kueleza kwa nini kompyuta mbili zilizo katika chumba kimoja hazionani.

Nataka sasa nikusimulie kisa cha mtu mmoja ambaye hakupata kusomea ulinzi wa mitandao hata siku moja. Jina lake ni Clifford Stoll, Mmarekani, na fani yake ilikuwa elimu ya nyota. Mwaka 1986 fedha za utafiti wake zilikwisha, akahamishiwa chumba cha kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, afanye kazi ya kuangalia mashine. Enzi hizo kutumia kompyuta kulilipiwa kwa dakika, na kila idara ilipelekewa hesabu yake. Wakubwa wake walimpa kazi ndogo ya kumzoesha: hesabu za mwezi zilikuwa na upungufu wa senti 75 za dola, atafute zimepotelea wapi.

Senti 75! Wangapi kati yetu wangeliandika kwamba ni kosa la kuhesabu, wakafunga daftari? Stoll alifuatilia. Akagundua kwamba kulikuwa na mtu aliyetumia mashine kwa sekunde chache bila ya kuwa na anwani ya kupelekewa bili, kisha akagundua kwamba mtu huyo alikuwa amejipatia mamlaka ya msimamizi mkuu kwa kutumia kasoro katika programu moja ya kuandikia. Badala ya kumfungia mlango mara moja, aliomba na kuazima mashine za kuchapa kutoka ofisi za wenzake mwisho wa juma, akaziunganisha na laini za simu zilizoingia maabarani, ili kila herufi atakayoibonyeza mgeni yule ichapwe kwenye karatasi. Tena alikuwa na daftari la kawaida la mkono alimoandika tarehe, saa na kila alichokiona.

Karatasi zile zilionyesha kwamba mgeni alikuwa akipita maabara hapo kama mtu apitaye uwani kwa jirani, akienda kujaribu milango ya kompyuta za kijeshi moja baada ya nyingine. Na aliingiaje? Mara nyingi kwa kukisia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye mashine hawakujishughulisha kuyabadilisha. Hatimaye Stoll alitunga idara ya uongo, akaijaza nyaraka ndefu zisizo na maana zenye majina ya kijeshi, ili mgeni akae akizisoma na mafundi wa simu wapate muda wa kuifuata laini. Ilifuatwa hadi Ujerumani, mji wa Hannover, kwa kijana aitwaye Markus Hess, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakiwauzia majasusi wa Urusi ya Kisovieti walichokipata. Mahakama iliwatia hatiani mwaka 1990, wakapewa vifungo vya nje. Stoll mwenyewe alikwisha kuandika kitabu juu ya habari hizo mwaka 1989, na hadi leo kinasomwa na wanaoianza kazi hii.

Nimekisimulia kwa kirefu kwa kuwa ndani yake mna sifa zote za mlinzi, nazo si zile ambazo vijana wetu huzitaja. Mtu huyu alijua hesabu na alikuwa na subira. Aliandika kila kitu kwa tarehe na saa. Aliweza kuwaeleza wakubwa ambao hawakujua kompyuta, na ambao mara nyingi hawakutaka hata kumsikiliza. Mzazi utakapompima mwanao kama aifaa kazi hii, mpime kwa mambo hayo kabla ya kuangalia jinsi vidole vyake vinavyokimbia juu ya simu.

Yumkini mtu atasema kwamba hayo ni ya Marekani na ya zamani. Sawa; tuje kwetu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mwaka uliofuata mkonge wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na kutuunganisha na dunia kwa kasi ambayo hatukuwa nayo. Tangu hapo fedha ya mkulima, karo ya mtoto, kumbukumbu za mgonjwa, na hati nyingi za serikali zimehamia ndani ya mitandao. Wezi nao wamehama. Kila mwenye simu amekwisha kupokea ule ujumbe wa kumtaka fedha aitume kwenye namba nyingine, au sauti ya mtu ajitambulishaye kuwa ni wa kampuni ya simu akiomba namba ya siri. Ujumbe kama ule haugusi ruta wala seva; unamgusa bibi wa kijijini aliyezoea kumwamini mtu azungumzaye naye kwa heshima. Mlinzi wa mtandao wa hapa kwetu atapaswa kuzijua mashine, na atapaswa pia kuujua moyo wa bibi huyo.

Sheria na vyombo navyo vimefuata. Ile ya makosa ya mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023 na kuanzisha tume yake. Chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kuna kikosi cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya kompyuta, kijulikanacho kwa jina la TZ-CERT. Ofisi yoyote ikusanyayo majina, picha na alama za vidole vya watu sasa ina wajibu wa kisheria wa kuvitunza, na wajibu huo wahitaji watu wa kuutekeleza. Hivyo basi kijana hajakosea kuiona kazi hii kuwa na mustakabali. Palipo na hitilafu ni katika njia anayotaka kuipita.

Mama yangu wa Morogoro, sasa nakujibu wewe. Usiuze kiwanja.

Ulinzi wa mitandao ni kazi ya ghorofa ya pili. Walio wengi wameifikia baada ya kufanya kwanza kazi ya chini yake: fundi wa kompyuta wa ofisi, mtu wa kupokea malalamiko ya watumiaji, mvuta nyaya, msimamizi wa seva. Miaka miwili ya kuitwa huku na huku kwa sababu printa ya bosi imegoma si miaka iliyopotea. Hapo ndipo kijana anapoona jinsi watu wanavyobandika maneno ya siri ukutani, jinsi mhasibu anavyomwazima mwenzake jina la kuingilia, jinsi aliyeacha kazi mwaka jana bado anavyopokea barua za ofisi. Hayo hayapatikani katika kozi ya miezi sita.

Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita na kupata alama za kutosha katika hisabati na fizikia, ziko shahada za fani hii humu nchini; Chuo Kikuu cha Dodoma kinayo, na Chuo cha Uhasibu Arusha kinayo. Hata hivyo, asiyepata nafasi huko asilie. Shahada ya sayansi ya kompyuta au ya mawasiliano ya simu humfikisha palepale, na pengine kwa msingi ulio imara zaidi. Aliyeishia kidato cha nne aweza kuanza na astashahada, akapanda stashahada, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni. Njia hiyo ni ndefu kwa miaka, lakini kila hatua yake ina mshahara, na familia isiyo na akiba yapaswa kuitazama kwa makini.

Ama zile hati za kimataifa zinazotajwa sana katika matangazo, hapa panahitaji tahadhari. Ziko za aina nyingi na si zote zina mahali pamoja katika safari. Ya Cisco iitwayo CCNA yapima elimu ya mitandao yenyewe. Mtihani wake hugharimu dola zipatazo 300 za Marekani, na hati hudumu miaka 3 kabla ya kuhuishwa. Hiyo, au ya CompTIA iitwayo Network+, ni hati ya kuanzia. Security+ hufuata baadaye. Lakini nimeona matangazo yakiwaahidi vijana waliotoka shule jana hati ya CISSP, na hapo sina budi kusema wazi kwamba ahadi hiyo haina ukweli. Taasisi ya ISC2 inayoitoa haimpi mtu hati hiyo mpaka awe amefanya kazi ya kulipwa kwa miaka 5 katika nyanja mbili au zaidi kati ya nyanja 8 za fani. Mwenye shahada husamehewe mwaka 1. Asiye na miaka hiyo akifaulu mtihani, huitwa mshiriki tu, na hupewa miaka 6 ya kuutafuta uzoefu. Kwa hiyo, mama, mwulize mwenye chuo hicho swali moja: hati mnayoitaja humo yatolewa na nani, na masharti yake ni yapi? Akikujibu kwa kuzungukazunguka, chukua karatasi yako uende zako.

Kwa fedha ndogo zaidi ya bei ya kiwanja, mwanao aweza kuanza leo. Ahitaji kompyuta moja iliyotumika yenye kumbukumbu ya kutosha, na Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 na ambayo hupatikana bure. Cisco hutoa bure programu ya Packet Tracer, ambayo humwezesha mwanafunzi kujenga mtandao mzima wa kuigiza, ruta na vyote, ndani ya mashine moja. Iko pia Wireshark, ambayo humwonyesha kila ujumbe upitao katika waya wake mwenyewe, hodi na karibu zikiwa zimeandikwa mstari kwa mstari. Aijenge ofisi ya kuigiza yenye kompyuta tatu, aivuruge, aitengeneze, na aandike katika daftari alichokifanya. Ampe mwaka mmoja wa jioni zake. Kama mwisho wa mwaka bado anapenda, hapo ndipo familia ikae kuzungumza habari ya fedha.

Aongeze pia Kiingereza cha kusoma, maana vitabu na mitihani ya fani hii viko katika lugha hiyo, na kujidanganya hapa hakutamsaidia. Lakini asikiache Kiswahili chake. Siku atakapotakiwa kumweleza mwenyekiti wa bodi kwa nini fedha za kununua jenereta zigawanywe kununua mashine ya kuhifadhi nakala za akiba, atahitaji lugha safi ambayo mwenyekiti ataielewa mara moja.

Na kwa habari ya nakala za akiba, siwezi kuipita hii. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya, iliyoanzia Ukraine katika programu ya hesabu za kodi, iliifikia kampuni ya meli ya Maersk, ile ambayo makontena yake tunayaona kila siku barabarani. Kompyuta zake zikazimika duniani kote. Mafundi walizo nakala za seva nyingi, isipokuwa zile zilizotunza orodha ya watumiaji wote na haki zao, takriban 150, ambazo zilitegemewa kunakiliana zenyewe kwa zenyewe. Na kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa pamoja, zilifutika pamoja. Ikabaki moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio! Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kuzituma taarifa zile, wala hapakuwa na mfanyakazi wa pale mwenye viza ya Uingereza. Ikabidi diski ipelekwe kwa mkono hadi uwanja wa ndege wa Nigeria, ikapokewa na mwenzao aliyepanda ndege kwenda London. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba walijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Kukatika kwa umeme, ambako sisi twakulaani kila jioni, ndiko kulikoiokoa orodha ile. Mlinzi hapaswi kungojea bahati ya namna hiyo. Nakala ya akiba yapaswa kukaa mahali palipotengwa na mashine iliyonakiliwa.

Mzee wangu wa Tabora, usimpongeze mwanao, wala usimvunje moyo. Ana udadisi, na udadisi ndio mbegu ya fani hii. Lakini amekwisha kuvuka mpaka. Sheria ya mwaka 2015 yasema kwamba kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila ya haki ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji ikiwa hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili pamoja. Sheria haikusema kwamba waifai ya jirani ni mchezo. Wako watu wanaolipwa kuvunja mifumo ili waonyeshe palipo dhaifu, lakini watu hao hawaligusi komeo mpaka wawe na barua ya mwenye nyumba yenye kutaja ni mlango upi, tarehe gani hadi tarehe gani. Barua hiyo ndiyo iwatengayo na wezi.

Mweleze kijana wako habari za Marcus Hutchins. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya kasoro ile Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi, miezi miwili nyuma, na walioathirika ni wale ambao hawakuitumia. Hutchins, kijana wa Kiingereza wa miaka 22 ambaye hakwenda chuo kikuu, aliona kwamba virusi vile kabla ya kufanya kazi viliulizia anwani moja ya tovuti isiyokuwapo. Akaisajili anwani hiyo kwa dola zisizozidi 11, na virusi vikakoma kuenea. Dunia ikamshangilia. Miezi mitatu haijatimia, polisi wa Marekani wakamkamata mjini Las Vegas, kwa sababu alipokuwa bado kijana mdogo alikuwa ameandika programu ya kuibia mabenki. Mwaka 2019 alikiri makosa. Hakimu alimwonea huruma, akaridhika na muda aliokwisha kuutumikia pamoja na mwaka 1 wa uangalizi; lakini miaka miwili ya ujana wake ilipita katika nchi ya kigeni akingojea hukumu. Na si kila mtu atakayesimama mbele ya hakimu akiwa na sifa ya kuiokoa dunia.

Basi mzee, mchukue mwanao mwende pamoja kwa jirani. Aeleze alichokifanya, aombe radhi, kisha, jirani akiridhia, abadilishe neno la siri la waifai hiyo na kumwonyesha jirani namna ya kuweka lililo gumu. Mashine ya kujaribia awe nayo nyumbani, iliyo yake, na huko avunje apendavyo.

Dada yangu wa Mbeya, wewe umejiandika mwisho kana kwamba unaomba nafasi, ilhali pengine ndiwe uliye karibu zaidi na kazi hii kuliko wale wawili. Liko tawi zima la ulinzi lihusulo ukaguzi wa mifumo: nani ana mamlaka ya kuidhinisha, nani ya kulipa, na kama mtu mmoja ana yote mawili. Hayo uliyasoma darasani katika uhasibu. Hati ya CISA ya taasisi ya ISACA imewekwa kwa ajili ya watu wa tawi hili, nayo pia hudai miaka 5 ya uzoefu, ambayo sehemu yake hupunguzwa kwa mwenye elimu ya chuo. Soma misingi ya mitandao jioni kama nilivyomwelekeza kijana wa Morogoro. Kisha mwombe meneja wako, kwa maandishi, akuruhusu kupitia orodha ya watu wote wenye majina ya kuingilia katika mfumo wa hesabu wa chama chenu. Weka alama mbele ya kila aliyestaafu, aliyehama au aliyefariki ambaye jina lake lingali likifungua mfumo, andika tarehe aliyoingia kwa mara ya mwisho, na umpelekee meneja karatasi hiyo.